Kimya cha Pampu Nacho ni Ujumbe

(Haya ni maneno ya mazungumzo yetu na wajumbe wa vikundi vya maji na vikundi vya akina mama. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili wale ambao hawakuweza kufika wayasome pamoja katika vikundi vyao.)

  Tunajua palizi haingoji mtu, kwa hivyo hatutazunguka sana.

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mizinga ya nyuki. Tumekuja kuzungumza juu ya mtikisiko. Ndiyo, mtikisiko! Mpini wa pampu ukipanda na kushuka, daraja likipitiwa na lori, kinu cha posho kikinguruma, kuna nguvu pale. Je, nguvu hiyo tunaweza kuivuna, hata kidogo, itufanyie kazi? Na kazi gani?

Swali hili lina maana kwetu kwa sababu ya maji. Huenda kikundi chenu kimeletewa, au kitaletewa kesho, habari za kitambuzi. Kitambuzi ni kidude kidogo kinachohisi jambo fulani, kama vile mwendo, joto au kina cha maji, na kutoa habari. Kikifungwa kwenye pampu ya mkono kinaweza kupeleka habari kwa simu kwamba pampu inafanya kazi ama imesimama. Lakini kitambuzi nacho kinakula. Hakili ugali, kinakula umeme. Basi kabla ya kukipokea, ni lazima tujue atakayekilisha ni nani. Tumeona vitu vingi vizuri vikifungwa kwa nyimbo na makofi, halafu betri ikaisha na kila mtu akamtazama mwenzake.

KIPIMO CHETU NI JULI

Mwenye duka hupima sukari kwa kilo. Umeme na nguvu hupimwa kwa juli. Juli moja ni kiasi gani? Chukua pakiti ya unga ya kilo 2, iweke mezani, kisha iinue sentimita 5 tu. Kazi uliyoifanya ni karibu juli 1. Ni kitu kidogo sana, si ndiyo?

Sasa fikirini mtungi wa lita 20. Kuyainua maji hayo kutoka kisima chenye kina cha mita 30 ni kazi ya karibu juli 6,000, bila kuhesabu nguvu inayopotea kwenye vyuma na mipira ya pampu. Mama akijaza mitungi minne amefanya kazi ya juli 24,000, na bado hajaipanda njia ya kwenda nyumbani. Tunaisema hesabu hii kwanza ili tukumbuke kwamba nguvu yote iliyo katika pampu ya mkono inatoka mahali pamoja: katika mikono ya mtu. Hakuna ya bure.

Na kitambuzi kinataka kiasi gani? Kikiwa kimelala, kinahesabu tu na kungoja, kinaweza kutumia chini ya juli 1 kwa siku nzima. Kazi kubwa ni kusema. Kuamka, kuutafuta mtandao wa simu na kutuma ujumbe mfupi mmoja kunaweza kula makumi ya juli, na zaidi pale ambapo mtandao ni hafifu. Kwa hesabu zetu za leo tuchukue juli 50. Siku hizi kuna redio nyingine za nguvu ndogo, kama zile zinazoitwa LoRa, ambazo hutuma habari fupi kwa chini ya juli 1, lakini zinahitaji kipokezi kilichosimamishwa kilomita chache kutoka pampu, na kipokezi hicho nacho kina mwenyewe wa kukitunza.

Basi mnaona wenyewe. Mtungi mmoja ni juli 6,000, ujumbe mmoja ni juli 50. Kidogo tu cha kazi ya mtungi mmoja kingetosha kuusema ujumbe wa siku. Hapo ndipo wazo la kuvuna mtikisiko linapopata nguvu. Haba na haba hujaza kibaba.

NJIA TATU ZA KUGEUZA MTIKISIKO KUWA UMEME

Njia ya kwanza ni ya sumaku na waya. Mwaka wa 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na waya uliozungushwa, umeme unapita katika waya ule. Dainamo ya baiskeli ni hiyo hiyo. Ziko pia saa za mkononi ambazo, tangu mwisho wa miaka ya 1980, kampuni ya Seiko ya Japani imeziuza zikiwa na kipande cha chuma ndani kinachoyumba mkono ukiyumba, na kuzungusha kidainamo kidogo sana. Mwenye saa anatembea tu, saa inakula.

Njia ya pili ni ya mawe maalumu. Mwaka wa 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Mwenye jiko la gesi anaijua kazi hiyo ingawa hajui jina lake: kile kiberiti kisicho na jiwe la kusaga wala betri, unakibonyeza kinalia "tak!" na cheche inaruka. Ndani yake kuna kipande kama hicho kilichogongwa na nyundo ndogo.

Njia ya tatu ni ya kusugua. Mkivua sweta ya nailoni usiku wakati wa baridi kavu mnasikia inatatarika. Vitu viwili visivyo sawa vikigusana na kuachana huachiana umeme kidogo. Mwaka wa 2012 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Zhong Lin Wang walitangaza kifaa kidogo cha kuvuna umeme wa namna hiyo, na tangu hapo wengi wanaendelea kukifanyia kazi, hasa kwa sababu kinapenda mwendo wa polepole.

SHIDA YA MWENDO WA POLEPOLE

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Si kila mtikisiko ni sawa. Injini ya kinu cha posho inayozunguka mara 1,500 kwa dakika inatetemeka mara 25 kila sekunde. Mpini wa pampu ukisukumwa vizuri hupanda na kushuka mara 40 hivi kwa dakika. Hiyo haifiki hata mara moja kwa sekunde. Daraja likipitiwa huyumba mara chache tu kwa sekunde. Mtu akitembea ni hatua moja au mbili.

Mtu angefikiri kwamba mwendo ukipungua nusu, mavuno nayo yatapungua nusu. Sivyo. Ikiwa urefu wa mtikisiko ni ule ule na kasi imepungua nusu, nguvu inayoweza kuvunwa hushuka hadi karibu sehemu moja kwa nane. Ikipungua nusu tena, ni sehemu moja kwa 64. Ndiyo sababu kifaa kinachofanya kazi vizuri juu ya injini kinaweza kufa njaa kwenye mpini wa pampu. Mtu akiwaonyesha kidude kinachowaka taa akikitikisa haraka haraka mkononi, mwambieni akitikise polepole kama mpini wa pampu, mara 40 kwa dakika. Hapo mtaona.

Kuna shida ya pili. Mnajua bembea ya watoto. Ukiisukuma kwa wakati wake, inakwenda juu kwa nguvu kidogo tu. Ukiisukuma ovyo, unachoka bure. Vivyo hivyo kifaa cha kuvuna mtikisiko huwa na uzito unaoning'inia kwenye springi, na uzito huo una mwendo wake wa asili. Ukilingana na mwendo wa mashine, mavuno ni mazuri. Lakini uzito wa kucheza mara moja kwa sekunde unahitaji springi laini kiasi kwamba ikitundikwa inavutika sentimita 25 kwa uzito ule peke yake! Kwa mara 50 kwa sekunde springi inavutika sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Kwa hivyo kifaa cha injini kinaingia kwenye kiganja, na kifaa cha mwendo wa polepole kinataka kuwa kirefu kama mkono.

Vijana mnaweza kulijaribu jambo hili nyumbani bila springi. Fungeni jiwe dogo kwenye uzi wa sentimita 25 na mliache libembee kidogo. Hesabuni kwenda na kurudi: ni karibu mara 60 kwa dakika. Sasa refusheni uzi hadi sentimita 56. Litabembea karibu mara 40 kwa dakika, yaani mwendo wa pampu. Mwendo ukiwa wa polepole, kitu kinataka nafasi.

MAFUNDI WANAVYOIZUNGUKA SHIDA HIYO

Mafundi hawakukaa kimya. Watoto wetu wenyewe wameshalijua jibu moja. Mtoto hufunga kipande cha plastiki kwenye fremu ya baiskeli kiguse spoksi. Gurudumu linazunguka polepole, lakini plastiki inalia "trrrr" kwa haraka, kwa sababu kila spoksi inaigonga. Mwendo wa polepole umegeuzwa kuwa mtetemo wa haraka. Vifaa vingi vya kuvuna mwendo wa polepole hufanya hivyo hivyo: meno madogo au sumaku zinakipiga kibanzi kama mpiga zeze anavyougusa uzi, na kibanzi kinatetemeka chenyewe kwa kasi.

Dainamo ya baiskeli ni jibu la pili. Baiskeli ikienda kilomita 15 kwa saa, gurudumu lake kubwa linazunguka kama mara mbili tu kwa sekunde, lakini kichwa cha dainamo chenye upana wa sentimita 2 kinazunguka zaidi ya mara 60. Ndiyo maana taa inawaka.

Jibu la tatu ni kuiacha springi kabisa na kutumia uzito unaoteleza. Wekeni kipande cha sumaku ndani ya bomba dogo lililozungushiwa waya, na bomba lifungwe ndani ya mpini. Mpini ukiinama upande huu, sumaku inateleza huku; ukiinama upande ule, inarudi. Haina haja ya kubembea kwa wakati wake. Inafuata mkono wa mchotaji tu.

HESABU YA PAMPU MOJA

Tuchukue karatasi na kalamu. Tuseme sumaku ina uzito wa gramu 100, na bomba linairuhusu kushuka sentimita 5. Ikishuka wima kabisa, inatoa karibu juli 0.05. Kwa mara 40 kwa dakika tunapata juli 2 kwa dakika. Lakini bomba halisimami wima, na waya na msuguano vinakula sehemu yao. Tuwe watu wa tahadhari tuchukue robo tu: juli 0.5 kwa dakika.

Pampu ikitumika saa 3 kwa siku, hizo ni dakika 180. Mavuno ni juli 90. Ujumbe mmoja unakula 50, kulala kunakula 1, zinabaki 39 za akiba. Kwa hivyo ujumbe mmoja kila siku unawezekana. Hiyo ni hesabu ya karatasi, fundi akipima anaweza kupata chini ya hapo, lakini inatuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe.

Je, mchotaji ataona mpini umekuwa mzito? Hapana. Kwa muda wa kujaza mtungi mmoja, kifaa kimechukua juli chache tu, huku mkono umefanya kazi ya maelfu. Lakini angalieni sana akija mtu na kusema pampu hiyo hiyo iwashe taa ya shule au ichaji simu za kijiji. Hapo si juli chache tena. Atakayelipa ni mkono wa mama, na hataandikiwa risiti.

Ni vivyo hivyo kwa maneno ya "umeme wa bure" wa nyayo za watu au wa matuta ya barabarani. Mtu wa kilo 60 akikanyaga kibao kinachozama sentimita 1 anatoa karibu juli 6, hata kama hakuna kinachopotea. Hatua 1,000 ni juli 6,000, na taa ya wati 5 inazimaliza kwa dakika 20. Na lori likipanda tuta linalozalisha umeme, umeme ule umetoka kwenye dizeli ya mwenye lori. Mtikisiko ni wa kulisha vitu vidogo, si vikubwa. Tukilishika neno hilo hatutadanganywa.

JUA, JIWE AU MTIKISIKO?

Sasa tuseme ukweli wote, maana ukweli nusu unavunja vikundi. Jiwe moja dogo la redio, lile jembamba la alkali, lina karibu juli 10,000. Kwa matumizi yetu ya juli 51 kwa siku, lingedumu karibu miezi 6. Betri kubwa za lithiamu hudumu miaka kadhaa. Na kipande cha sola cha wati 1, ukubwa wa kiganja hivi, kikipata jua kali la saa 5, kinatoa juli 18,000 kwa siku. Hiyo ni mara 200 ya mtikisiko wetu.

Basi mtauliza, kwa nini tusumbuke na mtikisiko? Ni swali zuri. Pahali penye jua, na ambapo sola haitaibwa, chukueni sola. Pahali ambapo kuna mtu wa kubadilisha betri na senti za kuinunua zimeshawekwa kando, chukueni betri. Lakini sola iliyo juu ya kisima cha njiani inaonekana na kila mpitaji, na kesho haipo. Betri nayo inamtaka mtu wa kukumbuka, na ikiisha isitupwe kisimani wala shambani. Mtikisiko una faida yake pale ambapo jua halifiki na mkono haufiki kwa urahisi: ndani ya mpini uliofungwa, chini ya daraja, ndani ya mashine. Hauonekani, hauibwi, hauhitaji kufunguliwa kila mara.

Tena una faida moja ambayo wengi hawaifikirii. Kile kinachokilisha kifaa ndicho tunachotaka kukipima. Tuseme kifaa kimetengenezwa hivi: kibaba chake cha umeme kikijaa, kinatuma ujumbe, kinaanza kujaza tena. Siku za kiangazi foleni ni ndefu, kibaba kinajaa upesi, ujumbe unakuja kila siku. Siku za mvua watu wanakinga maji ya paa, ujumbe unakuja baada ya siku tatu au nne. Bila kipimo kingine chochote, wingi wa ujumbe umeshawaambia pampu inatumika kiasi gani.

KIMYA KINASEMA NINI?

Hapa ndipo tulipotaka kufika, tafadhali tusikilizane vizuri. Kifaa kinachokula mtikisiko wa pampu kinakufa njaa pampu ikisimama. Siku ile tunayokihitaji zaidi, siku fimbo ya pampu imekatika na foleni ya mitungi imejaa, ndiyo siku kinyamazapo. Hakitapiga kelele "nimevunjika!" Kitanyamaza tu.

Njia moja ya kukisaidia ni akiba. Mnawakumbuka wale wanawali kumi katika Injili ya Mathayo, na jinsi watano walivyochukua mafuta ya ziada. Kifaa kizuri kinaweka juli chache kando, kwenye kapasita au betri ndogo ya kuchajiwa, zisiguswe kwa kazi ya kila siku. Mpini usiposogea kwa muda uliopangwa, kinatumia akiba hiyo kusema neno moja la mwisho. Mtu akiwaletea kifaa kisicho na akiba, mjue ameleta wanawali wale watano wengine.

Lakini hata akiba inaweza kuisha, hata mtandao unaweza kupotea. Kwa hivyo njia iliyo ya hakika ni kuwa na mtu anayekisikiliza kimya. Kikundi kikubaliane: zikipita siku 2 wakati wa kiangazi, au siku 5 wakati wa mvua, bila ujumbe, mtu fulani mwenye jina anampigia simu mlinzi wa pampu. Mlinzi asipojibu, anakwenda mwenyewe kutazama. Siku hizo mtazipanga wenyewe kwa kuangalia desturi ya kisima chenu. Andikeni kwenye daftari: tarehe ya ujumbe, tarehe ya kimya, aliyekwenda ni nani, alikuta nini. Kimya kisichosikilizwa na mtu ni kimya tu. Kimya kinachongojewa na mtu mwenye daftari ni ujumbe.

YALIYOONEKANA KYUSO

Jambo hili si ndoto. Katika Kyuso, Kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vitambuzi ndani ya mipini ya pampu za mkono. Kitambuzi kilihesabu mwendo wa mpini na kupeleka habari kwa ujumbe mfupi wa simu. Kifaa kile kiliusoma mtikisiko, hakikuula. Katika majaribio ya mwaka wa 2013 muda wa pampu kukaa imeharibika ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3.

Hebu fikirini. Siku 27 ni karibu mwezi mzima wa kwenda mtoni, wa watoto kuchelewa shule, wa kunywa maji pamoja na ng'ombe. Lakini ni nini kilichozishusha siku hizo? Si kidude peke yake. Habari ilipofika, palikuwa na mafundi waliokuwa tayari, wenye usafiri na vipuri. Kazi hiyo iliendelea baadaye kama huduma ya kutengeneza pampu iitwayo FundiFix, katika Kitui na Kwale, ambapo vikundi vinachangia fedha na fundi anawajibika. Kitambuzi kilipiga kengele, fundi akafungua bolti. Kengele bila fundi haitoi maji.

Na mtikisiko unaendelea kufunua mengine. Mwaka wa 2017 watafiti wa Oxford walichapisha kazi yao juu ya pampu za mkono za hapa Kenya, wakionyesha kwamba namna mpini unavyotetemeka inaweza kusaidia kukadiria kina cha maji chini ya ardhi. Kwa watu wa maeneo makavu kama sisi hilo ni jambo la kutiliwa maanani, kwa sababu maji yakishuka tungependa kujua kabla kisima hakijakauka.

MASWALI YA KUMWULIZA MLETA KIFAA

Akija mtu na kifaa, awe wa serikali, wa kanisa, wa chuo au wa biashara, mkaribisheni, mpeni chai, kisha mumwulize maswali haya bila kuona haya:

1. Kifaa hiki kinakula nini, na kinahitaji juli ngapi kwa siku?

2. Kwa mwendo wa pampu yetu, mara 40 kwa dakika, kinavuna ngapi? Tuonyeshe hapa hapa kisimani.

3. Wakati wa mvua, pampu ikitumika nusu saa tu kwa siku, kitaishi?

4. Pampu ikisimama ghafla, kina akiba ya kusema neno la mwisho?

5. Ujumbe unakwenda kwa nani? Tutaupata sisi pia, ama utaishia ofisini mjini?

6. Gharama ya laini ya simu inalipwa na nani mwaka wa pili na wa tatu?

7. Kikiharibika, fundi wetu ataweza kukifungua? Vipuri viko wapi?

Mtu mwenye kazi nzuri hatakasirika. Atafurahi kuona kikundi kinachojua kuhesabu.

Na wale ambao hawajaletewa kifaa chochote, msikae mkingoja. Kazi ya kitambuzi mnaweza kuianza wiki hii kwa daftari na simu moja. Mlinzi wa pampu atume ujumbe mfupi kwa katibu kila jioni: "inafanya" au "imesimama." Asipotuma, katibu asidhani kwamba mambo ni mazuri. Apige simu. Tena mweka hazina aanze sasa kuweka kando fedha za mipira na fimbo, kabla hazijakatika. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Siku kifaa kitakapokuja kitakuta nyumba imeshafagiliwa.

Wapendwa, mjane yule aliyetoa senti mbili hekaluni hakudharauliwa. Nguvu iliyo katika mtikisiko wa mpini ni kama senti zile, kidogo sana. Haiwezi kuwasha kijiji. Inaweza kusema neno moja kwa siku: "Maji yapo." Na neno hilo likikosekana, awepo mtu wa kuinuka na kwenda kuona.

Mungu awabariki, na visima vyenu visikauke.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho pampu yetu ilipoharibika, ilichukua siku ngapi kabla ya maji kurudi? Siku hizo zilipotelea wapi: katika habari, fedha, vipuri au fundi?

2. Pampu yetu hutumika saa ngapi kwa siku wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua? Nani atatupimia kwa wiki moja?

3. Ni siku ngapi za kimya zinapasa kutushtua? Ni nani kati yetu atakayekisikiliza kimya hicho, na akisafiri ni nani atashika zamu yake?